Miaka Thelathini na Nane Mlangoni

Jumatatu, 9 Desemba

Chiriku ameanza. Saa mbili asubuhi, sijavua hata kifuniko cha cherehani, yeye ng'ambo ya barabara kafungua saluni yake na kuweka ile kanda. "Taa Zizini." Kwa sauti ya juu mpaka pini zinacheza kwenye kikopo changu. Atafanya hivyo hadi Mwaka Mpya, kama kila Desemba, na kila mteja atakayekaa kwenye kiti chake ataambiwa: hiyo teno unayoisikia ni mimi.

Ni kweli ni yeye. Hilo ndilo linaloniuma.

Mimi pia nimo katika kanda ile. Naandika hapa kwa sababu kwingine hakuna anayekubali. Tulirekodi mchana mmoja tu, katika ofisi ya kanisa, watu kumi na tisa na maikrofoni moja ya kuazima. Mwalimu wa kwaya alitupanga kwa chaki sakafuni. Alipima kwa kiatu chake, kisigino kwa kidole, akachora msalaba, akamweka mtu. Soprano hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni. Alto tatu. Teno nne. Mimi besi akanisogeza nyuma, akasikiliza, akanisogeza tena, akasikiliza, mpaka nikajikuta mlangoni, mguu mmoja ofisini na mwingine koridoni pamoja na mafagio.

Ndiyo maana watu wanauimba wimbo huu kila Krismasi na hakuna anayejua kwamba nipo. Mke wangu, ambaye alikuwa alto na alisimama hatua tatu tu, anasema ukibandika sikio kwenye spika, ubeti wa tatu, unasikia kama jirani anasogeza kabati. Hilo kabati ni mimi! Miaka thelathini na nane!

Lakini leo kuna habari. Mama Mwalimu, mke wa mwalimu wetu wa kwaya, amepita dukani. Redio inataka kwaya ya zamani iimbe "Taa Zizini" tarehe 24 alasiri, moja kwa moja hewani. Mwalimu amekubali kwa sharti moja. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia, daktari amesema, halitavuka mwaka. Kwa hiyo anataka ofisi ile ile, maikrofoni moja, alama za chaki, na yeye avae hedifoni asikie kila kinachoingia kwenye maikrofoni. Anataka kuusikia wimbo wake kwa mara ya mwisho kama ulivyokuwa siku ile.

Nilifuta machozi. Kweli nilifuta, kwa kitambaa cha mteja.

Kisha nikafikiri: kinachoingia kwenye maikrofoni. Maana yake aliye karibu ndiye atakayesikika. Kwa mara ya mwisho. Na hewani!

Nimejitolea kuchora alama. Fundi cherehani, chaki ninayo, futi ninayo. Mama Mwalimu amenishukuru sana.

Jumatano, 11 Desemba

Kikao nyumbani kwa Mwalimu. Tulikuwa kumi na tisa. Wa kuimba tumebaki wanne. Nesi, soprano wetu, ambaye alistaafu lakini bado anakushika mkono kama anatafuta mapigo. Mke wangu. Chiriku. Mimi.

Mwalimu ni yule yule, ila amepungua. Shikamoo yangu ilibidi niitoe mara tatu, ya tatu kwa kelele, ndipo akaitikia marahaba na kuuliza kwa nini nagomba. Wakati wote tunakunywa chai kidole chake kilikuwa kinapiga mdundo kwenye mkono wa kiti. Nilikumbuka kidole kile. Kiliwahi kunielekezea mbele ya kanisa zima kwa sababu niliingia mapema.

Nimepewa pia kazi ya sare. Nilizishona zile za kwanza, kwa hiyo jioni nimetoa daftari la vipimo la wakati ule. Ukurasa mzima wa shingo na mabega. Kumi na tisa. Yule dada wa alto aliyecheka hata kwenye nyimbo za huzuni: bega kumi na nne na nusu. Marehemu mpiga ngoma: mkono mrefu kuliko mwingine, ilibidi nimpimie mara mbili. Wengi wao nimewashonea pia nguo ya mwisho, na vipimo vilikuwa vimebadilika. Hapa viko kama walivyokuwa siku ile wamesimama dukani wananiambia nisiwatie sindano.

Nikafunga daftari. Nikalifungua tena, ukurasa wa Chiriku. Shingo: inchi kumi na sita.

Nimepata wazo.

Alhamisi, 12 Desemba

Wazo lenyewe: kola ya kumi na tano. Teno anapopanda juu shingo inavimba. Kola ikibana, hapandi. Hakuna atakayejua, maana nani atamshuku fundi? Ubeti wa tatu atabaki anahema tu, na uwanja utakuwa wangu.

Yangu nimeshona kumi na saba, kama ilivyoandikwa daftarini. Mke wangu ameuliza kama sitajipima upya. Nimemwambia mwanamume shingo haibadiliki. Akaangalia shingo yangu kwa muda, akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku ya kujaribu sare, nyumbani kwa Nesi.

Chiriku amefunga kifungo cha juu. Kimefungika! Kola imemkaa kama imepakwa rangi. Miaka imemla, shingo imekuwa ya kumi na tano kamili, na mimi naye tunatazamana kila siku barabara nzima bila kuona. Akajitazama kwenye kioo. Akageuka upande, akageuka upande wa pili. Akasema tangu augue mwaka juzi nguo zote zinamning'inia kama zipo kwenye kamba, na kumbe mimi nimeona kimya kimya nikampunguzia bila kumwaibisha. Akanikumbatia. Alikuwa na machozi. Alinukia dawa ya kunyolea.

Nilisema hakuna shida, ndugu yangu, ni kazi yangu.

Yangu haikufungika. Nilijaribu kwa nguvu na kifungo kikaruka mpaka chini ya kabati la Nesi. Nesi akanipima presha papo hapo, na hakunipa jibu zuri.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimejitia moyo. Kola ilikuwa mbinu ndogo tu. Chaki ndiyo yenyewe.

Nimeomba ufunguo wa ofisi ya kanisa nikaingia mchana, peke yangu. Sikuwahi kuingia tena tangu siku ile. Ni ndogo! Kumi na tisa tuliingiaje? Dirisha lile lile lenye nondo, meza ile ile ya mhasibu imesukumwa ukutani. Nilikumbuka joto. Nilikumbuka kwamba tulifunga dirisha kwa sababu ya mwendesha mkokoteni aliyekuwa anapiga kelele nje, na Mwalimu akaenda kumwomba anyamaze, na yule mtu akabaki dirishani kofia mkononi mpaka tukamaliza. Tulirudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja ndiyo iliyo kwenye kanda. Tulipomaliza hakuna aliyesema neno, kisha wote tukacheka pamoja, sijui kwa nini. Tulikuwa vijana.

Nilikaa kwenye meza ya mhasibu nikaimba ubeti wote kimoyomoyo. Yaani sehemu yangu. Besi yetu ni neno moja. Soprano wanaeleza habari za zizi na baridi na wachungaji, na kila mwisho wa mstari sisi tunasema: imewaka. Ile taa. Imewaka, imewaka. Ni neno moja lakini bila hilo gizani humo hamwonekani kitu.

Kisha nikachora, kwa chaki yangu ya bluu. Nesi: hatua tano. Mke wangu: sita, na anisamehe. Chiriku: mlangoni. Besi: hatua moja na nusu.

Mwalimu alipima kwa kiatu chake, mimi nimepima kwa changu. Akiniuliza nitasema miguu inatofautiana.

Jumatano, 18 Desemba

Chiriku ana ufunguo pia! Nimekuta alama zangu za bluu zimefutwa na mahali pake kuna nyeupe, chaki ya ubaoni, teno ikiwa hatua moja tu. Mtu niliyemshonea kola! Hana haya!

Nimefuta. Nimechora upya. Saa nane nimepita tena kuhakikisha, nimekuta nyeupe. Saa tisa, bluu. Saa kumi tumekutana mlangoni, kila mmoja na kitambaa chenye maji mkononi. Alisema amekuja kufanya usafi. Nikasema na mimi. Tukasafisha sakafu nzima pamoja, kimya, hadi ikang'aa, na kila mmoja akakataa kutangulia kutoka.

Ijumaa, 20 Desemba

Sitaki kuandika ya leo, lakini nitaandika.

Mazoezi na watu wa redio. Mtangazaji binti mchangamfu, fundi mitambo na waya zake. Nilikuwa nimeingia mapema kuliko wote na kuchora, na Chiriku alichelewa kwa sababu ya mteja wa harusi. Alipofika hakuna aliyemsikiliza. Binti wa redio alimwonyesha alama ya mlangoni, naye Chiriku akasimama na mafagio huku akinitazama kwa jicho la kisu. Nilimpungia mkono.

Mwalimu aliketi kwenye kiti akivalishwa hedifoni. Akainua kidole. Tukaanza.

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa mzuri. Hatua moja na nusu! Nilijaa kwenye maikrofoni. Mwisho wa kila mstari nilikuwa naitoa kutoka kwenye soli za viatu. Imewaka! Fundi mitambo alikuwa anazungusha vitufe vyake kama mtu anayefukuza nyuki.

Ubeti wa kwanza haujaisha, kidole cha Mwalimu kikasimama. Akavua hedifoni, akaigonga, akaivaa tena. Akamtazama Nesi. Nesi alikuwa anaimba mbele ya macho yake, mdomo wazi, mishipa imemtoka. Mwalimu akauliza, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia, kwa nini Nesi haimbi.

Tukanyamaza. Mama Mwalimu akamwambia sikioni kwamba anaimba. Mwalimu akasema hasikii. Anasikia kitu kizito tu, kinanguruma, kama lori limekwama. Wimbo hausikii. Akasema polepole: basi, limekwenda. Limekwenda kabla ya siku. Alikuwa na maana ya sikio.

Akavua hedifoni, akaiacha magotini. Akaomba arudishwe nyumbani. Akasema tumshukuru Mungu, tarehe 24 tuimbe bila yeye.

Nilikuwa nimesimama juu ya alama yangu ya bluu. Niliburuza kiatu taratibu mpaka ikafutika.

Jumapili, 22 Desemba

Sijalala vizuri siku mbili. Nimefikiria kila namna. Kwanza, kosa ni la fundi mitambo. Yule kijana vitufe vilimshinda. Pili, ni la Chiriku. Asingenichokoza nisingefika huko. Tatu, Nesi angeongeza sauti.

Nilimweleza mke wangu hayo yote baada ya ibada. Alikuwa anapiga sare pasi. Alimaliza mkono wa pili. Kisha akasema Mwalimu anakaa kule nyumbani kwake akiamini amekwisha kuwa kiziwi, na aliyemziba sikio yuko hapa anakula mkate. Akasema nivae viatu.

Nilivaa.

Sasa, kuungama kwa mtu ambaye hasikii ni adhabu ambayo sikuijua. Nilianza kwa kunong'ona kama inavyopasa. Mwalimu akasema hee? Nikaongeza. Hee? Nikasimama katikati ya uwanja wao nikapaza: NILISOGEZA ALAMA! Alama gani? ZA CHAKI! Nani? MIMI! NILITAKA KUSIKIKA! Kufikia hapo majirani wa kulia walikuwa wamezima redio yao, na wa kushoto wametoa viti nje. Chiriku, ambaye alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa, alikuwa ameketi sebuleni na sahani ya biskuti na alisikia yote hadi nukta.

Nilingoja nifukuzwe. Mwalimu alinitazama. Akauliza: kwa hiyo lile lori lilikuwa wewe?

Nikasema ndiyo. Akauliza kama Nesi aliimba kweli. NDIYO, MWALIMU. Aliimba, wewe ulimfunika? NDIYO.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, Mama Mwalimu akamletea maji, akacheka na maji mdomoni. Basi sikio lipo, alisema. Akamgeukia Mama Mwalimu: mke wangu, sikio lipo! Akasema siku mbili hizi alikuwa anamzika mtu aliye hai. Akaomba viatu vyake, vile vyeusi, vile vya kupimia.

Wakati naondoka nilimuuliza swali ambalo nimelibeba miaka yote. KWA NINI MLANGONI? Akasema kwa sababu hajawahi kuona ukuta unaoweza kunizuia.

Nimelitafakari njia nzima. Hakuna besi aliyewahi kusifiwa hivyo.

Jumanne, 24 Desemba

Mwalimu alipima mwenyewe. Kisigino kwa kidole, Mama Mwalimu kamshika kiwiko, mimi nashika chaki. Soprano mbili. Alto tatu. Teno nne. Kwangu hakuchora kitu. Alinyoosha kidole tu. Nilikwenda nikasimama. Mguu mmoja ofisini, mguu mmoja koridoni. Fagio moja ni lile lile, naapa.

Saa kumi kamili. Kidole kikapanda.

Nesi hana tena sauti ya zamani. Inakatika juu kabisa, anaibeba kwa pumzi. Lakini alipofika kwenye wachungaji nilimwona Mwalimu anafumba macho. Mke wangu akaingia chini yake, taratibu, kama anamshika mkono kuvuka barabara. Na Chiriku, sitamwambia kamwe, Chiriku aliimba kama hana siku nyingine. Kola imefungwa hadi juu.

Ubeti wa pili mguu wangu wa koridoni ulianza kuingia ndani. Wenyewe! Nusu kigae tu. Nikaona nyusi za Mwalimu zinakaza, nikaurudisha. Nikautoa na ule mwingine. Nikasimama koridoni kabisa, nimeegemea ukuta, namwona kwa upenyo wa mlango.

Ubeti wa tatu alinielekezea kidole. Hajageuka hata kutazama, alijua tu nilipo. Nikasema imewaka, pole pole. Alitikisa kichwa mara moja, ndiyo, hapo hapo. Machozi yake yalikuwa yanapita chini ya hedifoni na hakuyafuta, na mimi nililia vibaya, nikiwa na kola wazi, peke yangu na mafagio. Kwa dakika ile wote kumi na tisa walikuwepo. Nawajua, niliwapima mimi.

Tulipomaliza hakuna aliyesema neno. Kisha tukacheka.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Watu wengi wameusikia wimbo redioni. Nimekaa mlangoni kwangu tangu asubuhi ili nisiwape taabu ya kunitafuta.

Kumbe mwishoni mtangazaji alishukuru kila mtu. Soprano wa dhahabu. Alto. Teno wetu mahiri, kama kawaida. Na mwisho kabisa, alisema, shukrani kwa mzee aliyetulindia mlango.

Majirani watatu wamenipongeza kwa ulinzi.

Jumamosi, 28 Desemba

Sikio la Mwalimu limekwenda. Jana asubuhi aliamka, akamwona Mama Mwalimu anaongea, basi. Hakuhangaika, amesema Mama. Alisema lilimngoja.

Nimekwenda kumwona. Nilipiga hodi kwa mazoea, nikajiona mjinga. Alikuwa kwenye kiti chake, kidole kimetulia. Hatukuwa na la kufanya. Nilikaa karibu naye, nikamtolea daftari la vipimo akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akisoma majina kwa sauti. Alipolifunga alinyoosha mkono akaweka kiganja kifuani kwangu, pale juu, chini ya koo. Akasema niimbe.

Nikaimba. Imewaka.

Macho yakamtoka. Akabonyeza kiganja zaidi. Akasema inafika! Inapita kwenye mfupa! Alikuwa ameshajaribu kwa mkewe, alijaribu kwa Nesi, hata Chiriku alikuja asubuhi akapanda mpaka macho yakawa mekundu, na hakuna kitu kilichofika. Sauti zao zote ni nyembamba. Yangu imefika.

Akaomba ubeti wa kwanza. Ule wa wachungaji, wote, tangu mwanzo.

Hapo nikakwama. Sijui maneno yake. Miaka thelathini na nane nimesimama nasubiri zamu yangu, sikuwahi kusikiliza wanasema nini katikati. Nikaimba nilichonacho. Imewaka. Akangoja. Imewaka. Akangoja tena, kiganja kikiwa palepale, kisha akaanza kuujaza yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo haisikii, nje ya ufunguo, wachungaji na baridi na zizi, mstari mmoja mmoja, na mwisho wa kila mstari alinyamaza akangoja kiganja kimwambie. Kidole cha mkono mwingine kilikuwa kinapiga mdundo. Tulikwenda hivyo mpaka chai ikapoa.

Aliniuliza kama nitarudi kesho. Nilimwambia nitarudi kila siku.

Nilipomsimulia mke wangu, alitoa karatasi papo hapo akaanza kuniandikia beti zote tatu, ili kesho Mwalimu asihangaike kuimba peke yake, ausikie wimbo wake mzima kwa kiganja. Nilimwambia asijisumbue. Haelewi kilichotokea leo. Wamejaribiwa wote, soprano, teno, hata Mama Mwalimu, na kilichofika ni besi. Mwalimu mwenyewe ndiye shahidi. Wimbo ni lile neno moja, vingine vyote ni mapambo.

Nimemwandikia barua binti wa redio. Mwakani waniite mimi peke yangu.